Silinda ya Juu

Kaka yangu alisema injini itolewe. Alisema hayo akiwa amesimama mbele ya banda la nyumbani kwetu Githongo, akizungusha ufunguo wa pikapu kidoleni, maana yeye ni mtu wa miraa kule Maua na hajawahi kusimama mahali dakika tano bila kuangalia saa. Pikipiki yenyewe ilikuwa ndani ya banda, imefunikwa gunia la kahawa: ile ya baba, ya zamani, ya silinda mbili, yenye ekzosi mbili za kutolea moshi, moja kila upande. Baba alikuwa mkaguzi wa viwanda vya kahawa, na kwa miaka zaidi ya thelathini aliipanda kutoka kiwanda hadi kiwanda, mvua na jua, mpaka nyonga yake ikakataa. Sasa anatembea na mkongojo na pikipiki inakaa bandani.

"Mimi nina ng'ombe saba," kaka akasema. "Hiyo injini itazungusha mashine ya kukata majani vizuri sana. Fundi wa kuchomelea ameshaniundia fremu."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe? Wewe ukipewa, itaenda kwa watu."

Kwetu msichana huambiwa hivyo tangu ananyonya. Wewe ni wa kwenda, na cha baba yako ukikichukua kinaenda kwa watu wengine. Haya, lakini mimi nina miaka arobaini na saba, sijaolewa, nimepanga nyumba Embu na nafanya kazi ya kuchora ramani za mashamba katika ofisi huko huko. "Watu gani?" nikamuuliza. "Nitajie hata mmoja, nimpigie simu nimjulishe!" Mama yetu alicheka jikoni mpaka akapaliwa na moshi. Baba hakucheka. Hakusema kitu, na hapo ndipo nilipoumia kweli kweli. Pikipiki nilikuwa naitaka, ndiyo, sifichi, lakini nilitaka zaidi baba aseme kwa mdomo wake kwamba kitu chake kinaweza kuwa changu.

Alipofungua mdomo mwishowe, alitoa uamuzi wa mkaguzi. "Nitampa yule atakayeileta hapa ikilia na midomo yote miwili," akasema, akimaanisha ekzosi. Akamgeukia kaka. "Wewe anza. Ukishindwa, mama atajaribu." Mama hapo ni mimi. Nilipewa jina la mama yake, basi huniita mama tangu nikiwa mtoto, na mama yetu mwenyewe ameshazoea.

Kaka alikaa nayo Maua wiki mbili. Najua aliifungua siku moja tu, kwa sababu mtu anayekimbiza miraa ifike Nairobi kabla haijanyauka hana wakati wa kubembeleza plagi. Akairudisha juu ya pikapu. "Inamisi," akatangaza. Ndivyo mafundi wetu husema silinda moja ikiwa inawaka na nyingine imelala. "Hiyo imekwisha. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na fundi wangu tuikate."

Jumatatu nikaomba siku nne za likizo. Jumanne pikipiki ikafika kwangu Embu juu ya lori la viazi, imefungwa kamba kama ng'ombe mkorofi. Baba alikuwa amenipa na mkebe wa kakao uliojaa vitu vyake: plagi kuukuu, vipande vya waya, na koili moja ya akiba iliyofungwa kwa gazeti. Koili ndiyo inayopeleka moto kwa plagi, na hii pikipiki ina mbili, kila silinda na yake. Niliisimamisha katikati ya uwanja wa ploti ninayopanga, pua ikiangalia geti, nikakunja mikono ya shati. Kuendesha nilifundishwa na baba mwenyewe, kwa pikipiki hiyo hiyo, nikiwa sekondari. Alitaka kumfundisha kaka kwanza lakini kaka aliogopa.

Jumatano asubuhi nikaanza. Niliipiga kiki mara nane, ya tisa ikakubali. Lo, kilio chake! Pu, kimya, pu, kimya, na mwili wote unatetemeka. Nilichukua kikombe cha maji, nikachovya vidole, nikanyunyizia ekzosi zote mbili pale zinapotoka kwa injini. Ya kulia ikasema chaaa, maji yakapotea. Ya kushoto maji yalikaa tu, yakateremka polepole yakadondoka chini. Nikaigusa. Baridi kabisa.

Nikataka kuhakikisha. Injini ikiwa bado inakohoa nilivuta kofia ya plagi ya kushoto. Hakuna kilichobadilika. Nikairudisha, nikavuta ya kulia, injini ikazima papo hapo na mimi nikapigwa shoti iliyonitoa neno ambalo jirani yangu, mama mmoja wa kwaya, hajanisamehe mpaka leo. Lakini nilifurahi. Kesi ilikuwa imeisha: mzima ni wa kulia, mgonjwa ni wa kushoto.

Kama ningeishia hapo, hii hadithi ingekuwa fupi. Nikampigia baba simu.

"Baba, nimeipata. Ni silinda moja imelala."

"Ni ya juu," akasema kabla sijamaliza. "Hiyo ilianza kunisumbua kitambo. Koili yake ni mgonjwa. Toa hiyo, weka ile niliyokupa kwa mkebe."

"Ya juu vipi, Baba? Zote ziko urefu mmoja. Mimi naona ya kushoto ndiyo baridi."

"Kushoto kwa nani? Ukiwa umekaa ama ukiiangalia usoni?"

"Nikiwa nimekaa."

"Sahau mambo ya kushoto. Nimekwambia ya juu. Ya upande wa mlima! Ama huko Embu mmepoteza mlima?"

Sasa nieleze jambo, maana mtu wa tambarare anaweza kuona tumerukwa na akili. Sisi tuliozaliwa kwenye mteremko wa Mlima Kenya hatuna haja ya kushoto na kulia. Kitu kiko juu, yaani upande wa mlima, ama kiko chini, yaani upande mto unakoenda. Shamba lina juu na chini. Barabara ina watu wa juu na watu wa chini. Nyumbani kwetu hata meza ya chakula ina juu na chini, na mtu anaambiwa, "Sogeza sahani huko chini," na meza iko sawasawa. Nimelelewa hivyo. Kazini kila ramani ninayochora naiwekea mshale wa kaskazini, na hata siku moja sijaukosea, lakini baba akiniambia juu, kichwa changu kinageuka chenyewe kutafuta mlima.

Kikageuka. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa umejitokeza vizuri, bila wingu. Ulikuwa upande wa kulia wa pikipiki.

Nilisimama pale na bisibisi mkononi, nikabishana na nafsi yangu. Kidole changu kilisema kushoto. Maji yalisema kushoto. Baba alisema ya upande wa mlima, na upande wa mlima ulikuwa kulia. Nikasema, wewe ni nani? Mtu ameikalia hii pikipiki tangu ukiwa na sare za shule, anaijua kama mfuko wa koti lake. Basi nikatoa koili ya kulia, nikaweka ile ya mkebe, na nilikuwa naimba nikikaza nati ya mwisho.

Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Nilipiga kiki mpaka jasho likanichoma macho na goti likaanza kuniuliza maswali. Kimya! Haikukohoa, haikupumua, haikufanya hata pu moja. Ilikuwa na silinda moja nzima kabla sijaitia mkono, na sasa ilikuwa haina hata moja. Nililipiga teke tairi la nyuma, nikaumia kidole, nikalitukana na tairi. Simu ikalia. Ni kaka.

"Dada, bado inakohoa?"

"Haikohoi tena," nikamwambia, na huo haukuwa uongo.

Mchana nilienda kumwita fundi wa pikipiki mwenye kibanda karibu na stendi, mtu mzima, mpole, Mmbeere wa Kiambere, kule kwenye bwawa la umeme. Nilimpa masharti njiani. "Fundi, utaleta macho na mdomo. Mikono ni yangu. Nikishikiwa spana hata mara moja, ndugu yangu atasema si mimi niliyeitengeneza."

"Hakuna shida, madam," akasema. Akaketi juu ya mtungi, akakunja mikono kama mzazi aliyeitwa shule. "Umefanya nini mpaka saa hii?"

"Nimebadilisha koili ya silinda ya juu."

Akainama. Akachungulia injini juu, akachungulia chini, akanitazama. "Juu wapi?"

"Upande wa mlima."

"Mlima?"

"Baba yangu ndiye alisema. Ya juu ndiyo mbovu."

Yule mtu alicheka akashika mbavu. "Madam, kwetu Kiambere juu ni mbinguni! Silinda gani iko mbinguni?" Alipopata pumzi akauliza swali ambalo mimi, mchoraji ramani kwa miaka ishirini na moja, nilipaswa kuwa nimeliuliza tangu asubuhi. "Sasa, huyo mzee anapoiwaza hiyo pikipiki, anaiona imeangalia wapi?"

Wee! Nilisikia joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Nikachukua simu.

"Baba. Huko bandani, pua yake huwa inaangalia wapi?"

"Inaangalia barabara ya Meru. Si ndiko huwa naondokea?"

"Kwa hivyo ukiwa umekaa, mlima uko mkono wako wa kushoto."

"Ehe. Ndiyo ya juu hiyo."

"Baba, hapa pua imeangalia geti. Na geti la hapa limeangalia Nairobi."

Nikamsikia akipumua, nikasikia kuku wa nyumbani kwa nyuma. "Sasa," akasema kwa ukali, "nani aliigeuza?"

Nilikaa chini kwenye simenti nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimekasirika pia, sitaki kudanganya, lakini hasira ilikosa pa kushika. Nilikuwa nimemtoa mzima kitandani na kumwacha mgonjwa. Na koili ya akiba, baada ya kukaa mkebeni sijui miaka mingapi, ilikuwa imekufa kwenye gazeti lake.

"Rudisha ya kwanza mahali pake," fundi akasema. "Halafu usimpigie mzee tena. Tumia kidole."

Nikairudisha. Kiki ya tatu, pu, kimya, pu, kimya. Sijawahi kufurahia kikohozi namna hiyo. Tulikuwa tumerudi tulipoanzia, na sasa nilikuwa nashughulika na kushoto tu.

Nikafungua plagi ya kushoto. Ilikuwa imelowa na kunuka petroli. "Basi mafuta yanafika," fundi akasema, "tusisumbue kabureta." Nikabadilishana plagi, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Kulia kukaendelea kuwaka na kushoto kukaendelea kulala, kwa hivyo plagi haikuwa na hatia. Nikaivua tena ile ya kushoto, nikaichomeka kwenye kofia yake, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikapiga kiki. Moto ukaruka pale mdomoni, wa buluu, mzuri, hata fundi akatingisha kichwa. Nikairudisha ndani, nikakaza. Ikalala.

Alhamisi yote iliishia hapo. Nje inawaka, ndani inalala. Niliivua na kuirudisha mara sijui ngapi, nikaisugua kwa msasa, nikaibembeleza, nikaitishia mashine ya majani. Jirani wa kwaya aliniletea chai na viazi vitamu, nadhani kwa huruma. Jioni kaka alinitumia picha ya ile fremu yake, imepakwa rangi ya kijani, bila neno lolote. Usiku huo sikula vizuri. Nilikuwa naona Jumamosi ikija, na baba amesimama pale bandani amenyamaza tena.

Ijumaa asubuhi fundi alipita kabla ya kufungua kibanda chake. Nikamweleza. Akakuna kidevu. "Unajua mtoto anayeimba vizuri nyumbani, halafu mbele ya kanisa anakauka sauti? Plagi ikiwa nje kazi yake ni rahisi. Ikiwa ndani kuna msukumo, moto unapata shida kupita. Ukipata njia ya mkato mahali pengine, utapita huko. Hebu tuitafutie njia ya mkato. Hapa kuna chumba chenye giza?"

Kulikuwa na stoo ya makaa ya mwenye ploti. Tuliisukuma pikipiki humo, tukafunga mlango, tukaziba mwanya wa chini na gunia. Giza totoro, saa tatu asubuhi. Nikafungua swichi, nikapiga kiki mara moja, taratibu.

Tik. Cheche ya buluu, ndogo, chini ya tangi. Haikutoka kwa plagi. Ilitoka katikati ya waya wa plagi ya kushoto ikaruka kwenye fremu.

"Umeona?" fundi akanong'ona.

"Nimeona!" nikapiga kelele. Nikapiga kiki tena kwa raha tu. Tik. Tik. Tulitoka humo weusi kama wachoma makaa, nikainua tangi, na hapo palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa kuzunguka waya, kwa mkono ninaoujua, fundo la mkaguzi. Baba aliuona waya umepasuka zamani, akaufunga, akasahau. Miaka ikapita, mpira ukakauka ukapasuka nao. Koili aliyokuwa anailaumu ilikuwa nzima muda wote. Silinda alikuwa ameijua vizuri kabisa.

Nilikimbia dukani bila hata kunawa uso, nikarudi na waya mpya. Nikaukata, nikaufunga kwa koili, nikaubana kwenye kofia, na fundi hakugusa kitu isipokuwa kikombe cha chai. Nikapiga kiki. Ekzosi ya kushoto ikatema moshi, ikapiga chafya mbili, halafu zote mbili zikashikana zikalia pamoja, laini, bila pengo. Nilinyunyiza maji. Chaaa kulia. Chaaa kushoto! Mimi nikaruka, fundi akaruka, na mama wa kwaya akapiga kigelegele dirishani akasema Bwana asifiwe. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi.

Jumamosi niliondoka Embu jua likichomoza. Runyenjes, ule mteremko wa Thuci, Chuka, Igoji, na mlima ulikuwa mkono wangu wa kushoto safari nzima. Kila nilipoutazama nilisema kwa sauti, ndani ya helmeti, "Ya juu!" na kucheka peke yangu. Nilisimama mara mbili tu kuzigusa ekzosi. Zote moto.

Kaka alikuwa ameshafika na fundi wake. Mashine ya kukatia chuma ilikuwa imeteremshwa kutoka kwenye pikapu, waya wake umenyoshwa mpaka dirishani. Niliingia uwanjani polepole, nikasimama mbele yao, nikaiacha injini ilie. Kaka alikuja, akachuchumaa, akapitisha kiganja nyuma ya ekzosi moja, akazunguka akapitisha nyuma ya nyingine. "Haya," akasema. "Nimenyamaza." Akaanza kuukunja ule waya, na nilimpenda sana dakika hiyo.

Baba alitoka na mkongojo wake. Nilimweleza habari ya waya.

"Ule niliufunga mimi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Niliufunga vizuri."

"Ndiyo, Baba."

Baba alitembea mpaka barabarani, hatua kwa hatua, na mimi nyuma yake naisukuma pikipiki ikilia, sijui tunaenda wapi. Alisimama kando ya barabara akaegemea ua. "Nenda mpaka kona ya kiwanda, urudi," akaniambia. "Miaka hiyo yote nimeisikia nikiwa nimeikalia. Sijawahi kuisikia ikipita."

Nikaenda. Nikarudi. Nilipopita mbele yake alikuwa amefumba macho na ameinamisha kichwa, anasikiliza, na nilipogeuka nikasimama karibu naye alikuwa bado anatabasamu. Mama mmoja wa huko kwetu, aliyekuwa anapeleka maziwa, alikuwa ametua mtungi wake pale pale.

"Mzee," akamwambia, "kumbe pikipiki yako imefufuka?"

"Si yangu," baba akasema.

"Ati si yako? Hii hii niliyokuona nayo tangu nikiolewa hapa?"

"Ni ya msichana wangu, huyu." Akanionyesha kwa mkongojo, mbele ya mtu, mchana kweupe. "Mimi nilikuwa namtunzia."